Mnakaribishwa Kulia

Kiwandani walimwita Nukta. Alikuwa msahihishaji, mtu wa kusoma kila karatasi kabla mtambo haujaichapa, na hakuna nukta wala mkato uliokuwa ukimponyoka; lakini jina hasa lilitokana na kusema kwake. Akishatamka jambo lake haongezi neno. Ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, basi, zungumzo limekwisha, utabaki unaangalia viatu vyako. Wageni walidhani ana kisirani. Waliomzoea walijua kwamba mle ndani mna mtu anayecheka kutwa, ila kicheko chake hakifiki mdomoni.

Cha mkewe kilifika. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kushinda makelele ya sufuria, na akicheka alisikika nyumba ya tatu. Alianza kwa kupiga paja, sauti ikapanda, ikakatika, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, kisha ikarudi upya na machozi juu yake. Nukta alimposa kwa ajili ya kicheko hicho. Alikisikia dirishani kabla hajamwona mwenye nacho, akajiambia kwamba huyu, awe nani, atamuoa. Asilolijua siku ile, na ambalo mtu hulijua akiwa ameshaoa, ni kwamba mwanamke yule hangecheka hata mara moja kwa jambo lililomchekesha yeye.

Nyumba yao ilikuwa na televisheni moja na wachekeshaji wawili. Wa mke aliitwa Beseni, jitu la miraba minne lenye suruali fupi, ambalo kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuanguka. Kila mchezo wake uliishia mahali pamoja. Anabeba godoro, au kabati, au mama mkwe wake, anarudi kinyumenyume, watu wote wanaona anakokwenda isipokuwa yeye, na chubwi! ndani ya beseni la kufulia. Kimya. Unaona povu tu. Halafu mkono mmoja unachomoza na sauti inasema, "Nipo!" Mkewe Nukta aliujua mchezo mzima, na bado ile "Nipo" ikifika alikuwa hoi, anajipangusa macho kwa ncha ya aproni. Neno lenyewe likahamia nyumbani. Kifuniko kikimponyoka jikoni, kabla Nukta hajauliza kuna nini, sauti ilishatoka: "Nipo!" Nukta akirudi kutoka kazini akapiga hodi mlangoni pake mwenyewe, jibu lilikuwa hilo hilo.

Wa Nukta aliitwa Mzee Taratibu. Huyo aliketi kitini, kofia mapajani, akawatazama watu mpaka wakaanza kukohoa. "Jirani yangu aliingiliwa na mwizi," anasema. Ananyamaza. Anaigeuza kofia. "Nikamuuliza, kaiba nini? Akasema, hakuona cha kuiba." Ananyamaza tena. "Nikampa pole." Kofia inageuzwa. "Sasa hanisalimii." Hapo Nukta alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtikisika, raha imemjaa mpaka kooni, na mkewe pembeni anamtazama kwa wasiwasi wa kweli.

"Mume wangu, huyu mtu wako ana nini?"

"Msikilize."

"Namsikiliza. Hasemi kitu."

"Si ndiyo utamu wenyewe."

"Na huyo jirani kaibiwa au hakuibiwa?"

"Hakuibiwa."

"Sasa pole ya nini?"

Jaribu wewe kumweleza mwenzako kichekesho, uone kama kitabaki hata kipande. Nukta alijaribu kwa miaka thelathini na moja. Yeye naye hakumwelewa Beseni hata chembe. "Mtu mzima anaanguka," alisema. "Kinachochekesha nini?" Mkewe akamjibu, "Si hicho, anaanguka!" Wakaishi hivyo, kila mmoja akimhurumia mwenziwe, na binti yao mmoja akakua katikati akicheka na wote wawili.

Lakini Beseni na Taratibu ni cha mtoto mbele ya ile kadi. Kabla hajawa msahihishaji, Nukta alikuwa mpanga herufi, enzi za kuokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzibana kwenye fremu. Kadi ya harusi yake aliipanga mwenyewe, hakumwachia mtu, na akaisoma mwenyewe, kichwa kimejaa mambo ya bwana harusi. Kadi mia mbili zikachapwa zikasambazwa. Mstari wa mwisho ulipaswa kusema kwamba baada ya kufunga ndoa wote mnakaribishwa kula pamoja nasi. Ikajipenyeza i moja. "Baada ya kufunga ndoa," kadi zikasema, "wote mnakaribishwa kulia pamoja nasi."

Baba mkwe aliitupa kadi mezani. "Huyu anayetaka kumwoa mwanangu hajui tofauti ya kula na kulia?" Nukta alitembea na aibu yake wiki nzima, hana pa kuificha, na aibu ilipopita akaanza kucheka, asiache tena. Kwake yeye hapakuwa na jambo la kuchekesha kuliko lile, wala halitatokea. Kadi moja aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni. Kila mgeni alisimuliwa, kwa mwendo ule ule wa Mzee Taratibu, na kila mwaka siku ya ndoa yao ilipofika aliirudia mezani tangu mwanzo hadi mwisho. Mkewe hakucheka hata siku moja. Wala hakukasirika. Hakuona kitu, basi.

"Kulia si ni kula," alisema. "Kwani chumba cha kulia ni chumba cha msiba?"

Na aliyasema hayo kwa uso mkavu, anamenya viazi, hajui kwamba ametoa kichekesho kikubwa kuliko kadi yenyewe. Siku ya kwanza aliposema hivyo Nukta alitoka uani akajiegemeza ukutani kucheka peke yake. Baadaye mkewe alichoka hata kujibu. Nukta akitaja tu neno kadi, yeye anafumba macho nusu, anashusha pumzi puani, anasema, "Umeanza." Neno hilo moja. Sijui kama watu wote watanielewa nikisema kwamba Nukta aliipenda ile "Umeanza" kuliko vicheko vya wageni wote waliowahi kukaa kwenye kochi lake. Aliirudia kadi ili aisikie.

Kisha asubuhi moja, jikoni shuleni, mwiko ulimtoka mkewe mkononi ukaanguka sakafuni. Mpishi mwenzake, mgongo amempa, akangoja kusikia "Nipo." Hakuisikia.

Hospitalini daktari aliandika neno moja juu ya faili: kiharusi. Nukta aliketi kwenye benchi, faili mapajani, na macho yake, yaliyozoea kuyapasua maneno vipande tangu ujana, yakalisoma na hilo kama yalivyozoea. Harusi, na mbele yake ki ya udogo. Harusi ndogo. Daktari aliporudi akaeleza kwamba upande uliopooza ni wa kulia, na Nukta akahisi mabega yanataka kutikisika. Alijiuma ulimi mpaka akaonja damu. Alijichukia kama hajawahi kumchukia mtu. Mke yuko kitandani, mdomo umepinda, na mume anasikia kichekesho! Na mtu aliyetaka kumkimbilia kumsimulia ni yule yule wa kitandani, ili amwambie, "Umeanza."

Mkewe alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Neno halikurudi hata moja. Kiwanda kilimruhusu Nukta kusomea kazi zake nyumbani, akasogeza meza sebuleni karibu na kiti, na huko akawa mlishaji, muogeshaji na mfua mashuka, vyote kwa ule ukimya wake. Mikono ilijifunza haraka. Kilichomla ni jambo jingine.

"Anaelewa?" alimuuliza daktari.

"Hatuwezi kusema kwa uhakika, mzee wangu. Mtafutieni vitu alivyovipenda. Mtamwona wenyewe."

Tangu siku hiyo Nukta alibaki na swali moja tu maishani, yumo au hayumo. Angekubali mkono usinyanyuke tena, mguu usikanyage, ulimi usiseme, ili mradi mle ndani awe yeye. Mke ambaye hasemi alikuwa tayari kuishi naye. Hata yeye mwenyewe alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini kama hayumo, basi kila asubuhi alikuwa akimvisha mtu asiyemjua nguo za mkewe.

Akatoa diski za Beseni. Kila siku saa kumi alasiri, chubwi, povu, mkono, "Nipo!" Yule aliyemdharau Beseni miaka yote sasa alimjua mpaka soksi zake. Hakutazama televisheni, alitazama uso wa mkewe. Mkewe alitazama ukuta, kidogo kando ya televisheni, karibu na ile kadi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nukta akaanza kumchukia Beseni upya, safari hii kwa sababu nyingine.

Wiki ya tisa, akiwa anamlisha supu, kijiko kilimponyoka kikagonga sahani, na mkewe akacheka. Hakupiga paja, mkono ulikuwa hauwezi, lakini mengine yote yalikuwepo: sauti kupanda, kukatika, pumzi, machozi. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja mbio mpaka mlangoni, unga mikononi. Nukta alimpigia simu binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine.

"Mama yako amecheka."

"Amecheka kucheka?"

"Kile kile. Yumo, mwanangu. Yumo!"

Siku tatu Nukta alikuwa mtu mwingine. Alipopeleka karatasi kiwandani alisema sentensi nne mfululizo, mwenye mtambo akauzima ili asikie vizuri. Alinunua vijiko vipya vizito, akaviangusha kimoja kimoja. Vingine vilichekewa, vingine la, na Nukta hakuliona hilo, au aliliona akapita.

Siku ya nne alikuja yule mpishi mwenzake. Miaka ishirini walimenya viazi kwenye karai moja. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, akaketi kwenye kochi, akaushika mkono wa rafiki yake, akamwambia polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto, kwamba mumewe amefariki, wamemzika juzi, hakutaka alisikie kwa watu. Mkewe Nukta alimtazama usoni. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kiti kikasogea. Nukta alisimama katikati ya sebule hajui mikono aiweke wapi, akasema, "Mke wangu, mke wangu," na kicheko kikazidi.

Mgeni aliuachia ule mkono, akachukua mkoba wake. "Hajui, shemeji," alisema. "Najua hajui." Lakini alipofika mlangoni kidevu kilikuwa kinamcheza, na hakugeuka kuaga.

Muuguzi aliyekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha viungo alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, bila kuonyesha mshangao wowote. Nukta alichukia kuona hashangai.

"Kaa kidogo, baba," alisema. "Kicheko hiki si cha furaha. Ugonjwa umegusa mahali panapozuia kucheka na kulia, sasa vinatoka vyenyewe. Ni bomba limeharibika koki. Kesho anaweza kulia bila sababu, usishtuke."

"Kwa hiyo hajui anachokicheka."

"Anaweza kujua, anaweza asijue. Kicheko chenyewe hakitakwambia."

Nukta akamshukuru, akamfungulia mlango, akarudi mezani kwenye karatasi zake. Hakusoma hata mstari. Kazi yake ilimfundisha njia moja tu ya kujua kama maandishi ni sahihi, nayo ni kuyaweka kando ya yale ya asili ukayasoma neno kwa neno. Akauchukua moyo wake akaupeleka huko. Kama mkewe yumo, basi Beseni lazima amguse mahali. Na kama mkewe yumo, akisikia habari ya kadi hatacheka. Atafumba macho nusu. Hata "Umeanza" Nukta hakuihitaji, macho tu yangemtosha. Jaribio la kadi lilikuwa rahisi, la nusu dakika, na ndilo aliloliogopa. Aliliahirisha siku kumi. Alijiambia kwamba mama amechoka, kwamba leo kuna joto, kwamba sauti yake imekauka. Kadi iko pale ukutani, na yeye anapita mbele yake ameinamisha kichwa.

Jumamosi akaamua kuanza na Beseni, na kama diski zimeshindwa, basi amletee Beseni mwenyewe. Alikata suruali yake ya zamani juu ya magoti. Alijaza maji beseni kubwa la kufulia, akatia sabuni, akalikoroga mpaka povu likasimama, akaliburuta hadi mbele ya kiti. Akabeba godoro la kochi kichwani. Tafadhali mwone: mzee wa miaka sitini na minne, msahihishaji, mtu ambaye hata njiani huwa hapungi mkono, anarudi kinyumenyume sebuleni kwake na godoro kichwani, anapiga mluzi. Alianguka vibaya. Nyonga iligonga ukingo, maji yakaruka mpaka mezani, karatasi za kiwanda zikalowa zote. Akazama kichwa, akahesabu moja, mbili, tatu, na maumivu yakimpanda mgongoni akatoa mkono.

"Nipo!"

Akafungua macho, povu linamchoma. Mkewe alikuwa anatazama ukuta.

Maji yalidondoka kutoka mezani. Nukta alikaa mle ndani ya beseni, magoti karibu na kidevu, na akahisi jambo ambalo Beseni bila shaka alilijua maisha yake yote, kwamba kuanguka halafu hakuna anayecheka ni kuanguka kweli. Hakuinuka. Aliona kwamba akiinuka atakausha sakafu, ataanika karatasi, atapika, na kadi itangoja siku nyingine kumi, na yeye hana nguvu ya siku kumi.

"Unaikumbuka kadi yetu," alisema.

Macho ya mkewe yakahama kutoka ukutani. Yakamjia. Moyo wa Nukta ukapiga mpaka akausikia kwenye maji.

"Niliipanga mwenyewe," alisema kwa ule mwendo. Akanyamaza. "Nikaisoma mwenyewe." Akanyamaza tena, na kwenye ule unyamavu akaomba kwa moyo wake wote. Fumba macho, mke wangu. Choka nami. Nione mjinga. "Baada ya kufunga ndoa... wote mnakaribishwa..."

Macho yake yalikuwa wazi, yanang'aa.

"...kulia."

Mkewe akacheka. Sauti ikapanda, ikakatika, pumzi ikavutwa, ikarudi na machozi juu yake. Kilikuwa kicheko kile kile cha dirishani, hakikupungua hata kidogo. Miaka thelathini na moja Nukta alikitaka kicheko hicho kwa ajili ya kadi hii, na sasa alipewa chote kwa mara moja.

"Hapana," alisema. "Basi, mke wangu. Haichekeshi. Wewe ndiye uliyesema haichekeshi." Akamshika mguu, kwa mikono yenye povu. "Kulia si ni kula? Sema! Chumba cha kulia ni chumba cha msiba?"

Kicheko kikazidi. Nukta akaweka paji la uso kwenye goti la mkewe, akalia kwa sauti. Naye hakuwa mtu wa kulia kwa sauti, kwa hiyo hakujua jinsi ya kuacha. Walisikika nyumba ya tatu, mmoja anacheka na mmoja analia, na safari hii jirani hakuja.

Simu ililia juu ya meza iliyolowa. Binti yao hupiga kila Jumamosi saa hiyo. Nukta alinyoosha mkono akaichukua, akiwa bado majini.

"Baba, shikamoo. Mama hajambo? Namsikia! Anacheka!"

"Anacheka."

"Umemwekea Beseni?"

"Nimemwekea. Hakucheka."

"Sasa anacheka nini?"

Nukta alijipangusa pua kwa mkono uliolowa, isisaidie kitu. "Nimemwambia ile ya kadi," alisema.

Binti yule alikulia chini ya ile kadi. Aliisikia mezani kila mwaka wa maisha yake, na kila mwaka aliyaona macho ya mama yake yakifumba nusu. Nukta akasikia pumzi yake ikikatika, na baada ya hapo kilio, kile cha mtu aliyeweka simu mbali na mdomo ili asisikike.

Kitini kicheko kilikuwa kimepungua, kikawa kwikwi, kikaisha kama kilivyokuja. Mkewe akayarudisha macho ukutani.

"Baba?" binti yake akasema mwishowe. "Baba, upo?"

"Nipo," Nukta akajibu, na kwa mazoea ya miaka mingi akamtupia jicho mkewe, kuona kama amelisikia hilo neno.